Lugha na Fikra za Wakati: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi kwa Mifano ya Masasi na Newala

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kulihakiki dai moja kubwa na mazoea kadhaa madogo. Dai kubwa ni lile lisemalo kwamba lugha za Kiafrika zimewafundisha wasemaji wake kuutazama wakati uliopita na kuusahau ujao. Mazoea madogo ni yale ya waandishi wa vitabu vya shule, wa nyaraka na wa matangazo ya serikali, ambao hutumia maneno ya wakati bila kuyapima. Mambo hayo mawili huonekana kuwa mbalimbali. Lakini mwandishi anaamini kuwa yana asili moja, yaani kulichukua neno na kuliweka mahali pa jambo lenyewe.

Tuanze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Newala, tangazo lilibandikwa likisema kuwa mkutano wa Alhamisi wa kuandikisha wakulima watakaopewa salfa ya mikorosho "umesogezwa mbele kwa siku mbili". Wakulima wachache walifika Jumanne. Walio wengi walifika Jumamosi, wakakuta daftari limekwisha kufungwa. Afisa aliyeliandika tangazo alikuwa amelitunga kwanza kwa Kiingereza, na Kiingereza kina msemo utumiao neno la mbele kwa maana ya kuwahisha. Aliporudi kulieleza jambo hilo, mzee mmoja alimwuliza kwa upole: "Mwanangu, mbele ya nani? Mbele ya mkutano, au mbele yangu mimi?"

Waliochelewa walipata salfa baada ya maua kukwisha kushikwa na ubwiriunga. Hasara yao haikutokana na uvivu, wala na kutojali tarehe, bali na neno moja lililotafsiriwa bila kufikiriwa. Swali la mzee yule ndilo litakaloyaongoza makala haya.

2. Dai lenyewe na historia yake

Wazo kwamba lugha huathiri fikra za wakati si geni katika taaluma. Mmarekani Benjamin Lee Whorf, aliyefariki mwaka 1941, alidai kuwa lugha ya Wahopi wa Arizona haina maneno wala maumbo ya sarufi yanayoutaja wakati kama wanavyoutaja Wazungu, na kwamba kwa sababu hiyo Wahopi wanauona ulimwengu kwa namna nyingine. Dai hilo lilivuma kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1983 Ekkehart Malotki alichapisha kitabu cha zaidi ya kurasa 600 kilichojaa maneno na maumbo ya Kihopi ya kutajia siku, majira, zamani na baadaye. Tokea hapo wanaisimu wengi wamekuwa waangalifu zaidi.

Katika Afrika Mashariki dai la namna hiyo lilitolewa na mwanazuoni mwenzetu, John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika kilichotoka mwaka 1969. Mbiti alieleza kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una pande mbili tu: uliopita, ambao ni mrefu sana, na uliopo; wakati ujao karibu haupo, kwa kuwa mambo yake hayajatokea. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa wa lugha. Alichunguza vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, akasema kuwa maumbo matatu ya wakati ujao yanafika kiasi cha miezi sita, au kwa vyovyote hayapiti miaka miwili. Kisha, ili kuzipa jina pande zile mbili, alichagua maneno mawili ya Kiswahili: sasa na zamani.

Ni haki kukumbuka nia yake. Mbiti aliandika ili kuonyesha kuwa Waafrika walikuwa na fikra zilizopangika kabla ya kuja kwa wageni, na katika hilo alifanya kazi kubwa. Wanafalsafa kama Kwame Gyekye wa Ghana na D. A. Masolo wa Kenya wamekwisha kulijadili dai lake kwa upande wa falsafa. Hapa tutalitazama kwa upande wa lugha, na hasa lugha hii yetu aliyoiazima kwa istilahi zake.

3. Kasoro tatu

Kasoro ya kwanza ni kuchanganya njeo na wakati. Njeo ni umbo la kitenzi. Wakati ni jambo lililo nje ya kitenzi. Kiambishi -ta- cha Kiswahili hakina mpaka wa miezi sita wala wa miaka miwili. Mtu husema "atafika punde", na kwa kiambishi kile kile husema "wajukuu wangu watavuna miti hii". Umbali hauelezwi na kiambishi, huelezwa na maneno mengine: punde, kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo, mwakani. Kwa upande wa wakati uliopita ni vivyo hivyo. Kihaya kina maumbo mbalimbali ya kitenzi yanayotenga jambo la leo, la jana na la kabla ya jana. Kiswahili kina -li- moja tu kwa yote hayo. Je, Mhaya asemapo Kiswahili huisahau jana? La, husema "jana".

Mfano ulio wazi zaidi unatoka katika mikoa ya Mtwara na Lindi yenyewe. Katika miaka ya 1970 wataalamu kutoka Finland walifanya kazi ya maji katika mikoa hiyo, na mwaka 1977 wakatoa mpango mkuu wa maji wa Mtwara na Lindi, wenye makadirio ya mahitaji ya miaka mingi ya baadaye. Sasa, Kifini hakina umbo la kitenzi la wakati ujao. Mfini hutumia umbo la wakati uliopo, na maneno mengine yakaeleza kuwa jambo litatokea baadaye. Hakuna aliyepata kusema kuwa Wafini hawana dhana ya kesho. Basi ikiwa kukosekana kwa njeo nzima hakukumzuia Mfini kupanga maji ya watu wa Newala, njeo inayodaiwa kuishia miezi sita haiwezi kuwa ushahidi kwamba Mwafrika hapangi.

Kasoro ya pili ni ya istilahi zenyewe. Neno zamani asili yake ni Kiarabu, na huko lina maana ya wakati kwa jumla, si wakati uliopita. Ni Kiswahili kilicholibana likawa la mambo ya kale, ingawa ndugu yake zama amebaki huru: twasema zama za mawe, na twasema zama hizi. Neno sasa nalo huhusishwa na saa, neno jingine lenye asili ya Kiarabu. Maneno hayo ni mali yetu halali, lakini hayafai kuwa ushahidi wa namna Waafrika wote wa jadi walivyougawa wakati. Mtungaji wa istilahi anayelichukua neno la kawaida na kulipa kazi ya falsafa anapaswa kwanza kuuliza neno hilo limetoka wapi na linatumikaje katika vinywa vya watu.

Kasoro ya tatu ni kuyasikiliza maneno bila kuyatazama matendo. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alikaa Masasi na Newala, na kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1908. Miongoni mwa vitu alivyovieleza ni kamba ya Wamakonde yenye mafundo 11. Msafiri alimwachia mkewe kamba hiyo na kumweleza fundo moja moja: hili ni leo ninapoondoka, hili ni kesho nikiwa njiani, hapa nitafika, hapa nitakaa, hapa nitaanza kurudi, na siku ya fundo hili upike, maana nitakuwa nakaribia. Kila siku mke alifungua fundo moja. Hiyo ni kalenda, na ni kalenda ya siku zijazo. Imefungwa kwa gamba la mti, na imepangwa hata kufikia chakula cha jioni ya kurudi.

Kuna ushahidi mkubwa zaidi ya kamba, nao ni mkorosho. Mti huo hauzai mwaka unaopandwa; mpandaji hungoja miaka, na mti huendelea kuzaa kwa miongo kadhaa. Wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba waliijaza ardhi yao miti hiyo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani zipatazo 145,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka kusini. Msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: bei duni, ugonjwa wa ubwiriunga, na kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vipya katika miaka ya 1970, jambo lililowatenga wengi na mikorosho yao. Hapa msomaji atafakari kidogo. Wenye msamiati mwingi wa wakati ujao, yaani mipango, malengo na makadirio, walikuwa maofisini. Wenye miti ya miaka thelathini walikuwa vijijini. Kama wingi wa maneno ndio kipimo cha kuona mbele, mambo yasingalikwenda vile yalivyokwenda.

4. Je, lugha haina athari yoyote?

Baada ya kuyasema hayo, tusivuke mpaka kwa upande wa pili na kudai kuwa lugha haihusiki kabisa. Lugha haifungi akili, lakini huiwekea njia zilizo tayari, na mtu mwenye haraka hupita njia iliyo tayari.

Tazama siku za juma. Katika juma letu kuna siku mbili zenye jina la tano: Jumatano, kwa hesabu ya Kiswahili inayoanza baada ya Ijumaa, na Alhamisi, kwa hesabu ya Kiarabu inayoanza Jumapili. Siku hizo mbili zinafuatana, na hakuna mtu sokoni Newala ambaye amewahi kuzichanganya kwa sababu hiyo. Maana ya asili imelala, jina limebaki. Huu ni ushahidi kwamba neno laweza kubeba hesabu isiyoguswa na fikra za msemaji.

Lakini tazama sasa saa. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kucha na tangu kuchwa. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, alilazimika kuwaeleza wageni jambo hilo. Mtu huyo huyo ndiye aliyeliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja mwaka 1876, wakaanzisha makazi Masasi. Kwa hiyo Kiswahili cha misheni ya Masasi kilikuwa na mizizi Unguja tangu mwanzo. Katika nchi ambamo tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi haizidi sana saa moja, hesabu ya kuanzia kucha ni hesabu yenye akili: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya kazi. Hapa lugha humpa msemaji njia tayari ya kuiona siku kuwa ni mchana na usiku, vipande viwili vyenye saa 12 kila kimoja. Saa ya ratiba, yenye kuanza katikati ya usiku, huiona siku kuwa kipande kimoja. Hakuna iliyo bora kwa asili yake. Lakini anayetoka katika moja kuingia katika nyingine bila kutangaza amevuka, huyo ndiye apotezaye watu.

Vivyo hivyo kwa usiku. Kwa mapokeo ya pwani, siku huanza magharibi, jua linapotua. Usiku wa Ijumaa kwa mapokeo hayo ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Kwa kalenda ya ofisi ni ule unaoifuata. Waandishi wa magazeti yetu walitatua tatizo hilo bila kamati na bila kuazima: wakasema "usiku wa kuamkia Jumamosi". Hakuna awezaye kukosea. Istilahi njema hupatikana hivyo, pale mwandishi anapojiuliza mwenzake atasikia nini.

5. Mbele na nyuma

Turudi kwa mzee wetu. Kiswahili kina picha mbili za wakati zinazoishi pamoja. Katika picha ya kwanza, mtu anatembea njiani: siku za usoni ziko mbele yake, na siku za nyuma amekwisha kuzipita. Katika picha ya pili, siku zenyewe ndizo zitembeazo kwa msafara: mwaka uliotangulia umekwisha kupita, mwaka ujao unafuata nyuma yake. Kwa hiyo wazee wetu waliotutangulia wako mbele ya msafara, ingawa wako nyuma katika wakati. Na neno baadaye, lililo la ujao, latokana na baada, ambalo katika msafara ni nyuma.

Msemaji hutumia picha zote mbili bila taabu, hata katika sentensi moja. Hali hiyo yaonyesha wazi kuwa hakuna picha moja inayotawala akili yake. Taabu huja pale kitenzi kinapoachwa peke yake. "Kusogeza mbele", kwa Kiswahili cha walio wengi, ni kuahirisha. Ndiyo maana wakulima wengi walikuja Jumamosi: waliielewa lugha yao sawasawa. Afisa ndiye aliyeingiza picha ya lugha nyingine chini ya maneno ya Kiswahili. Na jambo la kusikitisha ni kwamba Kiswahili kilikuwa tayari na vitenzi viwili visivyo na utata: kuwahisha na kuahirisha. Hakukuwa na pengo la istilahi. Kulikuwa na pengo la uangalifu.

Mfano mwema nao utajwe. Serikali ilipotayarisha mwelekeo wa nchi wa muda mrefu, katika urais wa Benjamin Mkapa (1995–2005), ambaye kwao ni Masasi, hati hiyo iliitwa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025; na mwaka 2025 ikazinduliwa Dira ya 2050. Mtafsiri mvivu angesema maono au njozi. Dira ni chombo cha nahodha. Haidai kuiona bandari. Humwonyesha nahodha upande wa kuelekea. Neno hilo limeutaja wakati ujao kwa heshima inayoustahili, na limetoka katika kazi ambayo watu wa pwani waliijua kabla ya kuwako wizara ya mipango.

6. Majira ya nani?

Jambo zito zaidi kwa walimu na mabwana shamba ni la majira. Mwaka 1928 ilipoamuliwa kuwa Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, majira ya Unguja nayo yaliingia katika vitabu: masika ya Machi hadi Mei, kipupwe cha katikati ya mwaka, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na kiangazi cha Desemba hadi Februari. Kwa Unguja na kwa pwani ya kaskazini mpangilio huo ni sahihi, maana huko mvua ni mbili.

Lakini Masasi na Newala mvua ni moja. Huanza kati ya Novemba na Desemba, hukolea Januari na kuendelea hadi Aprili hivi. Kisha ukavu hushika hadi mwisho wa mwaka. Hakuna vuli inayosimama peke yake. Tena miezi ambayo kitabu huiita kiangazi ndiyo ambayo mkulima wa uwanda wa Makonde yumo shambani akipalilia huku ameloa. Mwanafunzi anayefundishwa kuwa "kiangazi ni Desemba hadi Februari" na kutazama nje ya dirisha ana mambo mawili ya kuchagua: kuamini kitabu au kuamini macho yake. Akiamini kitabu, atafaulu mtihani. Akiamini macho, ataandikiwa kosa kwa kusema kweli.

Huu ndio mfano halisi wa lugha kuathiri fikra za wakati, na tazama ni fikra za nani zilizoathiriwa. Mkulima hakupotoka. Yeye huita kipindi chote cha mvua masika na kipindi cha ukavu kiangazi, akapanda na kuvuna bila kosa. Aliyepotoka ni mwandishi wa kitabu, aliyedhani kuwa kwa vile neno ni la taifa, basi na mvua nayo ni ya taifa.

Wataalamu wa hali ya hewa wamejaribu kulirekebisha jambo hili. Kwa mikoa yenye mvua mbili hutangaza mvua za vuli na mvua za masika. Kwa mikoa yenye mvua moja, Mtwara na Lindi zikiwamo, hutangaza mvua za msimu, za Novemba hadi Aprili. Ni hatua njema, kwa kuwa imekiri ukweli. Lakini neno lililochaguliwa lina kasoro. Msimu tayari ni neno la jumla: kuna msimu wa korosho, msimu wa mpira, msimu wa kilimo. Tukisema "mwelekeo wa msimu wa mvua za msimu", tumesema neno moja mara mbili na kueleza jambo nusu. Zaidi ya hayo, mkulima asikiapo "msimu umeanza" mwezi wa Oktoba, hufikiri juu ya ghala na mnada, si juu ya mawingu.

Kuna neno kifuku, ambalo lina maana ya majira ya mvua. Mwandishi anapendekeza lifikiriwe kuwa istilahi ya mvua moja ndefu ya kusini, ili masika na vuli zibaki kwa nchi zenye mvua mbili. Kama wataalamu wataliona halifai, na watafute jingine. Lakini wasilitafute katika vitabu tu, wawaulize na wasemaji wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao, ambao wameishi chini ya mvua hiyo moja kwa vizazi vingi na hawakukosa la kuiita.

7. Mwaka upi?

Neno mwaka nalo linaonekana halina shida, na ndiyo sababu ya kuwa na shida kubwa. Katika kijiji kimoja cha Masasi kuna miaka mitatu inayokwenda sambamba. Mwaka wa shule huanza Januari. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mwaka wa korosho una mwendo wake: maua na kupulizia dawa katikati ya mwaka, kuokota na kuuza tangu robo ya mwisho hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata, ndiyo maana misimu yake huandikwa kwa tarakimu mbili, kama msimu wa 2007/08, ambao ndio uliouanzisha mfumo wa stakabadhi ghalani katika zao hilo.

Basi waraka ulioandikwa mwezi wa Juni usemao "pembejeo za mwaka huu zitagawiwa kabla ya mwaka kwisha" unamwambia nini msomaji? Kwa mhasibu, mwaka unakwisha baada ya siku chache. Kwa mwalimu, unakwisha Desemba. Kwa mkulima, salfa ikija Desemba haina kazi tena, maana maua yamekwisha kuwa korosho au yamekwisha kukauka. Wote watatu ni wasemaji hodari wa Kiswahili na wote watatu wameelewa sawasawa, kila mmoja kwa mwaka wake. Katika hali hiyo neno huru ni neno la hatari. Dawa yake ni kivumishi tu: mwaka wa fedha, mwaka wa shule, msimu wa korosho, na bora zaidi ni kuutaja mwezi wenyewe.

Isidhaniwe kuwa kuyabana maneno ni kuyaharibu. Neno muongo ni mfano. Katika kalenda ya zamani ya wanamaji wa pwani, yenye kuanzia Nairuzi, muongo ulikuwa siku kumi. Leo kwa istilahi ni miaka kumi. Umbo la kumi limehifadhiwa, kipimo kimepanuliwa, na maana imetangazwa. Kwa hiyo hakuna anayepotea.

8. Mapendekezo

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, mwandishi anapendekeza mambo yafuatayo:

(a) Vitabu vya sarufi vitenge njeo na wakati. Kuviita viambishi vya kitenzi "nyakati" humfundisha mwanafunzi kosa lile lile lililowapata wanazuoni wakubwa. Atazame "amelala": tendo la kulala limekwisha kuanza, lakini hali ni ya sasa. Njeo si saa.

(b) Katika barua na matangazo, maneno kusogeza mbele na kurudisha nyuma yasitumike kwa tarehe. Itumike kuwahisha au kuahirisha, na tarehe ya zamani na mpya zote mbili zitajwe.

(c) Vitabu vya jiografia na kilimo vieleze majira kwa mikoa, vitaje miezi, na vitenge nchi za mvua mbili na nchi za mvua moja. Istilahi ya mvua moja itafutwe upya, na kifuku liwe miongoni mwa maneno yatakayopimwa.

(d) Neno mwaka lisiachwe peke yake katika nyaraka za huduma kwa wakulima.

(e) Saa na usiku vitajwe kwa namna isiyo na pande mbili, kwa mfano "saa mbili usiku wa kuamkia Jumapili".

9. Hitimisho

Tumeona kwamba dai la lugha kumfungia Mwafrika mlango wa kesho halisimami. Halisimami kwa sarufi, halisimami kwa asili ya maneno yaliyotumika kulieleza, na halisimami mbele ya kamba yenye mafundo 11 wala chini ya kivuli cha mkorosho. Asiyeijua kesho hapandi mkorosho.

Hata hivyo tumeona kuwa lugha ina uwezo wa kupoteza watu katika wakati, na kwamba aghalabu anayepotea kwanza ni mwenye kalamu. Anayeishi na mvua huirekebisha lugha kwa mvua. Anayeandika mbali na mvua hana cha kumrekebisha isipokuwa swali la msomaji wake, na mara nyingi swali hilo humfikia baada ya daftari kufungwa. Kwa hiyo ni wajibu wetu sisi watafsiri, walimu na watumishi wa serikali kujiuliza sisi wenyewe kabla ya kupiga muhuri: mbele ya nani, mwaka wa nani, na mvua ya wapi?